Kadi ya Pili na Ukurasa wa Hamsini na Sita

Kwako Mheshimiwa Mhariri Mkuu wa Kamusi, pamoja na wasaidizi wako wote wa herufi D,

YAHUSU: NENO "DAMU", NA MADHARA YALIYONIPATA SEBULENI KWANGU KWA SABABU YAKE

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, umekaa vizuri kwenye kiti. Nimetaja kiti makusudi, kwa sababu shida yangu mimi ni kiti.

Hatujuani kwa sura lakini kwa kazi tunajuana sana. Wewe uliyaandika maneno, mimi nikayashona. Nilikuwa fundi wa kujalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja, na kamusi yako, toleo lile la jalada la kijani, ilipita mikononi mwangu nakala baada ya nakala: kukunja, kupanga, kushona, kupaka gundi, kubana. Huenda unakumbuka kwamba mashine ya kushonea iliharibika wiki ya kwanza, nawe ukawa unapiga simu kila saa kuuliza kamusi zimefikia wapi. Zilikuwa zimefikia kwenye vidole vyetu. Tulizishona kwa mkono, na sindano ya mjalidi haina adabu. Kwa makadirio yangu, nakala zisizopungua arobaini zina tone la damu yangu mahali fulani karibu na mshono. Kwa hiyo nikisema kwamba nina neno juu ya damu katika kamusi yako, usinichukulie kama mpita njia.

Kabla ya malalamiko naomba nikueleze nyumba yangu ilivyo, maana mgonjwa hatibiwi bila kuulizwa anaumwa wapi.

Tuko watatu. Kuna mimi. Kuna mke wangu, ambaye anashona mapazia ya watu na anaongea akiwa na pini mdomoni. Na kuna binti yetu, tunayemwita Sindano. Wa nne ni Mjomba, kaka yake mke wangu, ambaye ana nyumba yake mtaa wa pili lakini huko analala tu. Kula na kubisha anafanyia kwetu.

Sindano nilimkuta ana miaka mitano. Baba yake mzazi alifariki kabla mtoto hajaanza kutembea. Mwezi wa kwanza wa ndoa yetu nilitumwa nimpeleke kliniki kuchanjwa, na alipoiona sindano alipanda juu ya kabati la faili, akakaa huko kama paka. Nikamwomba mwuguzi anidunge mimi kwanza, mtoto aone kwamba mtu hafi. Mwuguzi akasema huo si utaratibu. Basi nikatoa sindano yangu ya kazi kwenye mfuko wa shati, nikajidunga kidole mwenyewe. Damu ikatoka kidogo. Mtoto akashuka kabatini, akanishika mkono, akakipuliza kidole changu, kisha akamgeukia mwuguzi na kumnyooshea mkono wake. Tangu siku ile yeye ni Sindano na mimi ni Baba Sindano. Hata watu wa maji wanaleta karatasi zao kwa jina hilo.

Jumamosi hii Sindano anahitimu chuo. Amesomea maabara, kazi yake itakuwa kuwatoa watu damu na kuipima. Mtoto aliyepanda kabati! Ukumbi wa chuo ni mdogo, kwa hiyo kila mhitimu amepewa kadi mbili za wageni, na chini ya kila kadi wameandika: "Mwalikwa awe mzazi au ndugu wa damu." Kadi ya kwanza ni ya mama yake, na hakuna kiumbe aliyethubutu hata kuigusa. Kadi ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Hapa lazima nikiri kitu. Nyumbani kwetu kuna sheria moja, na niliitunga mwenyewe. Nilipohamia, nilimkuta Mjomba ana tabia ya kushinda mabishano kwa kupaza sauti. Mimi sauti sina, nina kitabu. Nikaileta kamusi yako, nikaiweka kwenye kigoda karibu na redio, nikatangaza kwamba ubishi wowote utaamuliwa nayo: kamusi ikishasema, midomo inafungwa, na aliyeshindwa anaosha vyombo. Miaka kumi na sita tumeishi hivyo kwa amani. Kamusi imetuamulia kama kochi ni kiti. Imetuamulia kama nyanya ni tunda. Imetuamulia kama Mjomba ni mgeni, ikasema siye, kwa kuwa mgeni ni mtu wa kuja na kuondoka. Mara nyingi nilishinda mimi, sikatai, kwa sababu kitabu nilikijua. Mkuki ulikuwa kwa nguruwe, ukawa mtamu. Jumapili iliyopita umenigeukia.

Siku hiyo Mjomba aliiona kadi ya pili juu ya meza, akajifuta mikono kwa kitambaa cha mezani, akasema, "Hii ni yangu, shemeji. Wewe si mzazi, wala si damu." Alisema bila ubaya, kama mtu anayekumbusha kwamba leo ni Jumapili. Nami, kwa kiburi cha bingwa wa miaka kumi na sita, nikasema: lete kamusi. Nilisema mwenyewe, Mhariri. Hakuna aliyenishika koo.

Akaanza na "mzazi". Kamusi ikasema ni mtu aliyezaa. Moja bila. Akafungua ukurasa wa 56, chini kabisa, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, nami nanukuu:

"damu: 1 majimaji mekundu yanayozunguka mwilini mwa mtu au mnyama. 2 ukoo, nasaba: Huyu ni damu yangu, siwezi kumwacha. 3 hasira: Damu ilimpanda."

Ukurasa ukaishia hapo. Mjomba akaifunga kamusi taratibu. Mke wangu akatoa pini zote mdomoni, jambo analolifanya kwenye misiba tu. Nikaenda kuosha vyombo, na nikiwa na povu hadi kwenye viwiko ndipo nilipokata shauri kukuandikia.

Yafuatayo ni malalamiko yangu, kwa mpangilio.

LALAMIKO LA KWANZA ni yule mtu wako wa mfano. "Huyu ni damu yangu, siwezi kumwacha." Ni nani huyo? Aliyasema hayo wapi, na alikuwa amefanya nini kabla ya kuyasema? Alikuwa ametoka kumpeleka huyo damu yake shuleni kwenye mvua? Alikuwa amekaa naye usiku wa surua? Aliwahi kumfundisha baiskeli? Siku ya baiskeli Mjomba alikuwepo, simnyimi haki yake. Alikaa barazani na kikombe cha chai akitoa maelekezo. Aliyekimbia nyuma ameshika kiti cha baiskeli ni mimi, na aliyeingia mtaroni ni mimi. Naomba unipatie anwani ya mtu huyo wa mfano. Nataka kumwuliza, kwa heshima zote, ni kazi gani nyingine anayoifanya mbali na hiyo ya kutomwacha mtu.

LALAMIKO LA PILI ni uzito. Alipokwisha kuifunga kamusi, Mjomba alikumbushia kwamba damu ni nzito kuliko maji. Nikamwuliza Sindano kama ni kweli, maana ndiyo fani yake. Akasema ni kweli, ila kidogo tu. Ukizijaza chupa mbili zinazolingana, moja maji na nyingine damu, mkono peke yake unaweza usitambue. Kidogo tu! Mimi miaka yote nilidhani ni mara tatu au nne. Watu wamenyimwa viti kwa tofauti isiyotambulika hata mkononi. Na mbona hakuna anayeuliza kuhusu gundi? Mjalidi yeyote atakwambia kwamba gundi ya moto ni nzito kuliko vyote viwili. Hakuna kitabu kilichowahi kushikana kwa damu, Mhariri. Nimejaribu mara arobaini.

LALAMIKO LA TATU linahusu makundi ya damu, ambayo nimeyatafuta katika kamusi yako nisiyaone. Mwezi uliopita Sindano alikuja nyumbani na vifaa vyake vya mazoezi, akatuomba tumsaidie. Tukakaa mezani kwa zamu, akatupangusa kidole, akatudunga. Mimi sikusikia kitu. Ana mkono mwepesi kuliko wangu. Mama yake naye hakutikisika, pini ameshazizoea. Mjomba, bingwa wa damu, alizimia kabla tone halijatoka. Ikabidi tumlaze juu ya zulia na kumpepea kwa kamusi, na damu yake ikachukuliwa akiwa hana habari. Majibu yakatoka: mama ni A, Mjomba ni B, Sindano ni O, na mimi ni O. Nilikaa kimya nikayafurahia hayo mwezi mzima, kama mtu aliyeficha kipande cha nyama chini ya wali. Jumapili nikayatoa. Mjomba akasema kundi si nasaba, na kwamba kama ni hivyo basi hata muuza nyama wa kona ni ndugu yetu, maana naye ni O. Ni kweli, na inaniuma, kwa sababu mimi na muuza nyama hatusalimiani. Lakini kama kamusi ingelitaja kundi la damu hata kwa mstari mmoja, ningekuwa na pa kushika.

LALAMIKO LA NNE nimelifuta. Mke wangu alilisoma akasema halimhusu mhariri wa kamusi, linamhusu Mjomba, na kwamba kaka yake atabaki kuwa kaka yake.

LALAMIKO LA TANO ni matokeo ya kuifuata kamusi yako kwa uaminifu. Mimi ni mtu wa sheria. Nikishindwa kwa sheria, naitii mpaka mwisho wake. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi nilimweleza mke wangu, kwa upole, kwamba kwa mujibu wa ukurasa wa 56 maana ya pili, mimi naye hatuna nasaba, na kwa hiyo sioni ni kwa mamlaka gani ananiamuru nivue viatu mlangoni. Hakunijibu kwa maneno. Alinijibu kwa fani yake: mapazia ya chumbani yalishushwa kwenda kufuliwa, na hadi leo jua linaniamsha saa kumi na mbili kamili, likinipiga jicho la kushoto.

Jumanne nikaendelea kuhesabu. Paka wetu si damu. Bibi wa jirani, ambaye ana ufunguo wa mlango wetu na ndiye aliyemfundisha Sindano kusoma saa, si damu. Nyumba nzima ikawa imejaa wageni.

Jumatano nikampata ndugu. Alikuwa ukutani juu ya kochi: mbu mmoja mnene, ameshiba kiasi kwamba kuruka kwenyewe kulikuwa kunamshinda. Fikiria, Mhariri. Ndani ya mbu yule mlikuwa na damu yangu, damu ya mke wangu, damu ya Sindano na, tangu Jumapili, damu ya Mjomba. Katika nyumba yote hakuna aliyetuunganisha sote kama yeye. Ikiwa damu ndiyo inayotoa haki, basi haki ya mbu ilimzidi Mjomba mara nne, na kadi ya pili ilikuwa yake. Nilimwekea Mjomba hoja hii kwa utulivu, nikiinyoosha kidole kwa kidole. Alimtazama mbu. Akanitazama mimi. Kisha akampiga mbu kofi. Sasa tuna doa ukutani, na kamusi yako haisemi lolote kuhusu mtu anayemwua ndugu yake mbele ya mashahidi.

LALAMIKO LA SITA ni fupi, na hili sikuliandika ili ucheke.

Sindano mwenyewe hajasema kitu. Mama yake alipomwuliza ampe nani kadi, aliinamisha macho mezani akasema, "Sheria ni ya Baba." Nilimlea aheshimu kamusi, na ameiheshimu. Sina ubaya na Mjomba. Anampenda mpwa wake, na atampigia makofi mpaka walio mbele yake wageuke. Ila mimi nimeumia. Suti niliyomwolea mama yake imetundikwa nyuma ya mlango tangu Sindano alipoanza mwaka wa mwisho. Mke wangu ameipanua kiunoni mara mbili. Na kuna jambo dogo nimeliona wiki hii: zamani mtu akiniuliza kuhusu watoto nilikuwa najibu, "Nina binti," bila kufikiri. Jana fundi wa viatu aliniuliza na nikasita, kama mtu anayetaka kutumia neno asilokuwa na hakika nalo. Mimi, niliyeishi na maneno yote ya lugha hii yakiwa yamerundikana mpaka darini, nikakosa uhakika na neno moja la kawaida.

Kwa hayo yote, naomba ofisi yako ifanye moja kati ya mambo yafuatayo, na jibu linifikie kabla ya Ijumaa saa sita mchana, likiwa na mhuri:

(a) Iongeze maana ya nne katika neno "damu", itakayomtambua mtu ambaye hakuzaa lakini alikuwepo. Maneno mnayo ninyi, mtajua namna ya kuyapanga. Mkichapa ukurasa mpya nitaushona mwenyewe, na mshono hautaonekana.

(b) Ikishindikana, maana ya pili iwekewe alama ile mnayoweka kwenye maneno ya kizamani.

(c) Ikishindikana pia, basi yule mtu wa mfano abadilishwe, na badala yake aandikwe mtu aliyeingia mtaroni.

(d) Na ikishindikana kabisa, itoke barua ya kusema kwamba nakala iliyopo nyumbani kwetu ina kasoro na isitumike katika maamuzi. Hili la mwisho naliomba shingo upande, kwa sababu si kweli. Nakala ile niliijalidi kwa mkono wangu, nikaichagua mwenyewe kati ya zote niende nayo nyumbani, na mimi katika miaka thelathini na mmoja sijawahi kutoa kitabu chenye kasoro. Kila mgeni anayekuja kwetu namwambia hivyo. Lakini kwa ajili ya kiti kile niko tayari kuliacha jina langu lichafuliwe na barua ya uongo, mradi iwe imepigwa mhuri.

Nakutakia kazi njema. Wasalimie wahariri wa herufi zote kuanzia A mpaka Z, isipokuwa wa Q na X, ambao nadhani wana nafasi ya kutosha kusalimiana wenyewe. Msalimie msahihishaji wako mwenye miwani aliyekuwa akija kiwandani na biskuti. Msalimie dereva aliyezibeba kamusi. Mke wangu anakusalimu, pini zikiwa zimerudi mdomoni. Hata Mjomba anakusalimu. Anasema unaandika vizuri.

Ni mimi, niliyekushonea,

Baba Sindano (kwa sasa, hadi utakapojibu)

NYONGEZA, baada ya kuifungua bahasha upya:

Nilimpa Sindano barua hii leo asubuhi aniangalizie tahajia kabla sijaipeleka posta. Alisoma amesimama karibu na jiko, akicheka. Kwenye mbu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Alipofika kwenye ombi la nne, lile la kasoro, akaacha kucheka. Akaenda sebuleni, akarudi na kamusi, wala hakufungua D. Alifungua N, katikati ya nanasi na nanga, akakigeuza kitabu kichwa chini, akanipa.

Zilikuwa kurasa za 57 hadi 64. Fungu zima, kurasa nane. Zimeshonwa kichwa chini, mbali na kwao, kwa mshono mzuri sana, Mhariri. Fundo la mwisho lilikuwa langu, ningelitambua gizani. Pembeni mwake palikuwa na tone dogo la rangi ya kahawia.

Nikarudi kwenye D. Baada ya ukurasa wa 56 unakuja wa 65. Miaka kumi na sita tumebishana juu ya kila kitu chini ya jua, na hakuna siku tuliyobishania neno la kurasa zile nane. Dawa iko huko. Daraja liko huko. Darasa na desturi ziko huko.

Sindano amejua tangu darasa la sita. Alitumwa na mwalimu atafute "dawa", akaikosa, akazipekua kurasa mchana kutwa mpaka akaipata kwa nanasi. Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Baba, ulikuwa unaipenda sana. Na kila mgeni ulikuwa unamwambia hujawahi kukosea." Kwa miaka tisa mtoto huyu, kila alipohitaji neno la kurasa zile, alisubiri nitoke, ndipo akigeuze kitabu. Jumapili alinyamaza kwa sababu Mjomba alikuwepo, na hakutaka nifedheheke mbele yake. Tangu siku hiyo alikuwa anatafuta namna ya kuniambia, barua ikamtangulia.

Juu kabisa ya ukurasa wa 57 umeandika: "4 mtu anayehesabiwa kuwa wa ukoo kwa kulea au kulelewa: Hakumzaa, lakini ni damu yake." Kwa hiyo ulikwisha kuliandika, na mimi ndiye niliyelishona kichwa chini. Naomba radhi. Lalamiko la kwanza hadi la sita nayafuta, pamoja na lile lililokuwa limeshafutwa. Maombi nayafuta pia, ila la nne, ambalo limetokea kuwa kweli.

Ili kumwonyesha Mjomba maana ya nne, ilinibidi nimwonyeshe na mahali ilipo. Nilizunguka meza mara mbili. Miaka thelathini na mmoja si michache. Kisha nikamwita, nikampa kitabu kichwa chini, nikasema aliyekosea ni mimi. Alisoma. Akacheka mpaka akakaa juu ya lile zulia alilozimia. Halafu akainuka, akanipa kadi, akakunja mikono ya shati, akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa. Jumamosi atasimama nje ya ukumbi, dirisha la tatu. Sindano ameahidi kumpungia mkono huko kwanza. Mapazia ya chumbani yamerudi.

Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa stempu ilikwisha kubandikwa, na kwa kuwa mtu akikulaumu kwa kurasa tano, ni haki yako kujua kwamba alikuwa hana haki.

Sindano ameniuliza kama nitakifumua kitabu nizirudishe kurasa mahali pake. Uzi ninao, gundi ninayo, na ni kazi ya asubuhi moja. Nimemwambia hapana. Mwanangu amezificha kwa ajili yangu miaka tisa, nitazifumuaje?